Miaka 10 bila Mzee Majuto: tunaandaa usiku wake Tanga, Agosti 2028. Tuanzie wapi?

Mwana_Chuda

Wakuu, habari za saa hizi.

Tarehe 8 Agosti 2028 itatimia miaka 10 tangu Mzee Majuto (Amri Athumani) atutoke pale Muhimbili. Kikundi chetu hapa Tanga kimeamua kuanza maandalizi mapema. Mpango ni usiku mmoja wa vichekesho vyake uwanjani, bure, watu kama 500. Kabla ya hapo tunakusanya kazi zake zilizolala majumbani na kwenye mabanda umiza ya zamani ili tupate nakala safi. Hadi sasa zipo kanda 31 za VHS, VCD na DVD kama 140, na kanda 9 ndogo za kamera, zile za miniDV.

Tunapokwama ni hapa. Kanda sita za VHS zina unga mweupe ukichungulia kwenye kidirisha. Bado zinachezeka au ndiyo basi tena? VCD nyingi zikifika dakika ya 40 zinaganda. Kibali cha kuonyesha kinatoka wapi, na ridhaa ya familia peke yake inatosha? Projekta na jenereta za ukubwa gani? Halafu wapo wenzetu wanaosema pesa yote ikajenge sanamu kwenye mzunguko wa barabara, kwa kuwa "filamu zipo YouTube".

Wenye utaalamu karibuni, msituonee haya.

Fundi_Deki

Mkuu, nianze na huo unga. Hiyo ni koga, na kwa unyevu wa pwani ya Tanga ni jambo la kutarajiwa. Usithubutu kuiingiza kanda hiyo kwenye deki. Ikizunguka mara moja tu, vumbi lake linaganda kwenye hedi (kile kichwa kinachosoma kanda) na kwenye vishikizo vyote vya njia ya kanda, na kila kanda utakayoweka baada yake inaambukizwa. Zile sita zitenge leo hii. Kila moja iingie kwenye mfuko wake wa plastiki wenye zipu, pamoja na pakiti za silika jeli, ikae wiki mbili hadi tatu. Zile pakiti ndogo za kwenye maboksi ya viatu hazitoshi, nunua za gramu 50 na uweke mbili. Koga ikikauka inakuwa unga unaofutika. Ikiwa bado mbichi inapakaa kama siagi.

Ikishakauka, toka nje ya nyumba, vaa barakoa ya N95 na glavu. Fungua skrubu tano za nyuma ya kasha, inua kifuniko taratibu maana springi ndogo ya breki hurukia usoni, kisha piga picha njia ya kanda kabla hujagusa chochote. Futa kingo za magurudumu yote mawili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kikiwa kikavu. Pamba ya hospitali haifai, inaacha nyuzi. Magurudumu hamishia kwenye kasha jipya, kasha la zamani tupa. Halafu kanda ipitishwe mbele yote na kurudishwa nyuma yote kwenye mashine ya kurudishia tu, isiyo na hedi, huku kitambaa kikishikwa kwa wepesi pande zote mbili. Mara mbili au tatu, kitambaa kikibadilishwa kila kinapochafuka.

Deki yenyewe nayo isafishwe kila baada ya kanda mbili tatu. Tumia spiriti ya isopropili ya asilimia 99. Ile ya asilimia 70 ya duka la dawa ina maji mengi. Chukua kipande cha ngozi laini, loanisha, kibandike ubavuni mwa ile ngoma ya hedi na ukishike palepale bila kukisogeza, halafu zungusha ngoma yenyewe kwa kidole cha mkono wa pili, ukiigusa juu tu. Usisugue juu-chini hata siku moja. Hedi ni kipande chembamba kuliko ukucha, ukisugua juu-chini kinang'oka, na deki nzima ya VHS siku hizi ni adimu kama jino la kuku. Acha ikauke dakika 15.

Kuna watu watakwambia kanda "ipikwe" kwenye joto la nyuzi 50 na kitu. Hiyo ni tiba ya aina fulani za kanda za studio ambazo gundi yake imelainika na kunata. VHS ya nyumbani yenye koga haihitaji, utaipinda bure.

Kunasa sasa. Kile kidude cha USB cha bei chee kinachouzwa kila duka la simu ndicho kinachoharibu kazi za watu. VHS haitoi picha kwa muda uliotulia. Kila mstari unakuja mapema kidogo au umechelewa kidogo, ndiyo maana unaona kuta na nguzo zinayumba kama nyoka. Kidude hicho kikikutana na mahali pabovu kinaruka fremu, sauti inaendelea, na baada ya nusu saa midomo ya Mzee inafunguka wakati maneno yameshapita. Kwenye vichekesho hiyo ni kifo, maana utani wote uko kwenye ule mpigo. Kinachotakiwa katikati ya deki na kompyuta ni kirekebisha muda, mafundi wanakiita TBC (si ile televisheni ya taifa, msije mkaenda kuwasumbua Mikocheni). Cha studio ni ghali. Njia ya maskini inayofanya kazi kweli ni rekoda ya DVD ya zamani, Panasonic DMR-ES10 au ES15: ingiza picha ya deki, toa kwa S-Video kwenda kwenye kifaa cha kunasia, bila kurekodi diski. Inanyoosha mistari vizuri sana.

Nasa kwa 720 x 576, fremu 25, rangi 4:2:2, kodeki (mfumo wa kubana video) isiyopoteza kitu kama HuffYUV au FFV1. Tegemea gigabaiti 25 hadi 35 kwa saa moja. Kanda zenu 31 zikiwa na wastani wa saa mbili, mnaongelea terabaiti 2 hivi, kwa hiyo nunueni diski mbili za terabaiti 4 na moja ikae nyumba nyingine. Nakala ya kutazama (H.264) itoke kwenye ile kubwa. Usinase moja kwa moja kwenye MP4 kwa kuogopa kujaza diski, hakuna atakayekuja kuinasa tena.

Na kabla ya kubonyeza kucheza, kila kanda iliyokaa miaka ipelekwe hadi mwisho na kurudishwa mwanzo mara moja. Imejikaza vibaya kwenye gurudumu, na ukiicheza hivyohivyo dakika za mwanzo zinatikisika.

Bi_Mwambao

Nyongeza ya VCD na DVD, maana Fundi kazipita.

VCD inaganda dakika ya 40 kwa sababu CD husomwa kutoka katikati kwenda nje. Dakika za mwisho ziko ukingoni, na ukingo ndiyo unaoshikwa kwa vidole na kukwaruzwa na kasha. Juu ya hapo, VCD ilijinyima kinga. CD ya data katika kila kisehemu hubeba baiti 2048 za kazi na nyingi ya zinazobaki ni za kusahihisha makosa. VCD ilichukua 2324 ili zipate kuenea dakika 74, ikaacha tabaka moja la usahihishaji. Mkwaruzo ambao CD ya data ingeumeza bila wewe kujua, VCD inaganda. Na kikomo hicho cha dakika 74 ni sababu mojawapo ya filamu zile kuuzwa vipande viwili.

Safisha kwa maji ya vuguvugu na tone la sabuni ya vyombo, futa kwa mistari iliyonyooka kutoka tundu la kati kwenda ukingoni. Ukifuta kwa kuzungusha, mkwaruzo wako utafuata njia ya data na kufuta sehemu ndefu kwa mpigo. Upande wa picha ndio wa kuuogopa zaidi: kwenye CD data iko chini tu ya rangi ya juu, ukibandua stika umebandua filamu. Stika iliyobandikwa na duka la kukodisha iacheni ilivyo. DVD ina nafuu, data yake imebanwa katikati ya matabaka mawili.

Kunakili VCD msivute faili la AVSEQ01.DAT (ndilo lenye filamu) kwa kipanya. Windows ikikutana na kosa inakata kila kitu. Tumieni programu ya cdrdao kwa usomaji ghafi, au IsoBuster, kwa kasi ya 4x au 8x. Ikishindikana badilisheni draivu. Draivu tatu za kompyuta kuukuu zinasoma diski moja kwa namna tatu tofauti. Kwa DVD, programu ya ddrescue ndiyo mwenyewe. Ila ddrescue hiyohiyo msiitumie kwa VCD, vile visehemu vyake haivisomi sawasawa.

Na kwa kuwa mna diski 140 lazima filamu nyingi zimejirudia. Msitupe hata moja. Nakala iliyotoka Makorora imeharibika dakika ya 40, iliyotoka Pongwe imeharibika dakika ya 12. Kata sehemu nzima kutoka kila moja na uunge, unapata filamu kamili.

Tofautisheni pia nakala halisi na za kufyatua. Halisi imechapwa kiwandani, chini ni ya fedha tupu. Ya kufyatua ina chini ya kijani, zambarau au buluu. Stempu za TRA kwenye filamu na muziki zilianza 2013, kwa hiyo kasha la kabla ya hapo kukosa stempu si kosa. Makasha yenyewe skanini kwa dpi 600, mbele, nyuma na mgongo. Majina ya waigizaji wadogo, mpiga picha na mwaka wa kutoka mara nyingi yapo kwenye karatasi ile peke yake. Mkiweka mtandaoni zibeni namba za simu.

Mwanasheria_Mtaa

Ridhaa ya familia peke yake haitoshi. Ni ya lazima kwa heshima, na kwa mambo ya jina na picha yake, lakini filamu kwa kawaida ni mali ya mtayarishaji au msambazaji aliyeingia naye mkataba. Wasanii wa kizazi kile wengi waliuza kazi moja kwa moja, wakalipwa mara moja, basi. Mzee alipokuwa mgonjwa 2018 suala hilohilo la mikataba lilipamba moto hadi wizara ikaunda kamati ya kuipitia. Kwa hiyo mjane au mtoto anaweza kukupa baraka zote, na bado mwenye filamu akakuzuia.

Utaratibu ni huu. Kwa kila kipande mtakachoonyesha andikeni jina la filamu, kampuni iliyo kwenye kasha na dakika mnazotumia. Mtafuteni mwenye haki, mpate barua yenye kusema wazi "kuonyesha hadharani bila kiingilio, Tanga, tarehe fulani". Kuwa na DVD halisi hakukupi haki ya kuionyesha hadharani, hiyo ni haki ya kutazama sebuleni. Msipompata mhusika nendeni COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wanasimamia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999. Chini ya sheria hiyo kazi ya filamu inalindwa miaka 50, kwa hiyo ondoeni kichwani wazo kwamba "za zamani" ni za bure. Hakuna hata moja ya Majuto ya video iliyofika huko.

Baada ya hapo ni Bodi ya Filamu, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976. Wanataka kujua kinachoonyeshwa na daraja la umri. Hapo muwe waangalifu: vichekesho vya Mzee vina utani wa chumbani usiofaa kwa uwanja wenye watoto. Chagueni mapema, msingoje kukatwa. Mwisho, ofisi ya serikali ya mtaa, Jiji na polisi.

Tarehe yenu ina mtego. Tarehe 8 Agosti ni Nane Nane. Sikukuu, watu wapo nyumbani, safi. Lakini maonyesho ya wakulima ya Kanda ya Mashariki, ambayo Tanga imo, hufanyika Morogoro, na wiki hiyo maofisa wengi mnaowahitaji wako huko kwenye mabanda. Barua iliyoingia Agosti 1 itakuta kiti kitupu. Karatasi zote ziwe zimesainiwa kufikia katikati ya Julai.

Projekta_na_Spika

Uwanjani sasa. Nitakwenda na watu 500, nusu kwenye mikeka na nusu kwenye viti.

Kazi zake nyingi ni za umbo la 4:3, la televisheni ya zamani. Msizivute zijaze skrini pana, Mzee atatokea mfupi mnene kama kavimba. Kwa hiyo skrini iwe mita 4.8 kwa 3.6. Mtu wa mwisho asizidi mita 20 hivi, akipita hapo haoni uso, na kwa Majuto nusu ya kichekesho ni uso. Ukingo wa chini wa skrini uwe mita 1.5 kutoka ardhini ili wa nyuma wasitazame visogo.

Mwanga: eneo la skrini hiyo ni mita za mraba 17 na ushei. Projekta ya kisasa ya 16:9 ikionyesha 4:3 inatumia robo tatu tu ya mwanga wake, pembeni panabaki peusi. Ya lumeni 3000 inakuwa 2250, ukigawa kwa 17.3 unapata lux 130 (lux ni lumeni kwa kila mita ya mraba). Kwenye giza totoro inatosha kwa taabu, ila uwanja wa mjini haujawahi kuwa na giza totoro. Chukua 5000, unapata lux kama 217, hapo taa ya barabara haikusumbui. Lumeni ziwe za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango hicho. Vile viboksi vinavyoandikwa 9000 kwenye katoni huwa havifiki hata 500. Siri moja: projekta za maofisini za XGA (1024 x 768) zenyewe ni 4:3. Ukipata hiyo ya lumeni 4000 hupotezi hata tone, na inakodishwa bei ya chini kwa kuwa kila mtu anataka "Full HD". VCD ina 352 x 288, Full HD ya nini?

Umbali: lenzi ya kawaida inataka mara 1.5 ya upana. XGA ikae mita 7.2 kutoka skrini. Ya 16:9 ikae 9.6, kwa sababu inahesabu upana wa 6.4 pamoja na zile pembe nyeusi. Watu husahau hili, wanafunga meza mita 7, picha inakuwa ndogo, wanaanza kuhamisha meza katikati ya watu waliokwisha kukaa.

Upepo: Agosti ni kusi, na jioni unavuma kweli. Kitambaa cha mita 17 za mraba ni tanga la jahazi. Msiegemeze skrini mbele ya upepo. Iwe ubavu kwa kusi, yaani itazame mashariki au magharibi, kwenye fremu ya mabomba ya jukwaa, kamba nne za kuivuta, na kitambaa kifungwe kwa mipira ya kuvutika badala ya kamba kavu. Mpira unalegea dharuba ikipiga, kamba kavu inachana pindo.

Sauti ndipo shughuli nyingi zinapofia. Spika za harusini zimejaa besi, na kichekesho ni maneno. Weka mbili za inchi 12 juu ya stendi za mita 2, kata kila kitu chini ya hertz 100 (mikanda ile imejaa mvumo wa umeme wa hertz 50), nyanyua kidogo kati ya 2000 na 4000 panapokaa konsonanti. Ukiongeza jozi ya pili mita 10 nyuma, icheleweshe milisekunde 29, la sivyo watu wa nyuma watasikia kila neno mara mbili. Na kumbuka watu 500 wakicheka wanameza sentensi inayofuata. Kwa hiyo mtu wa miksa asikae mbali: kicheko kikipanda anapandisha kidogo, kikishuka anashusha. Msisimamishe filamu kungoja kicheko.

Umeme: projekta wati 400, spika na miksa 600 kwa wastani, kompyuta 90. Jenereta ya kVA 3 ya aina ya inverta, ikae kaskazini mwa watu, mita 30, ili kusi uondoe moshi na kelele. Waya 2.5 mm². UPS (betri ya akiba) ya VA 1000 ni ya projekta. Umeme ukikatika ghafla taa yake inakosa feni ya kupoza, na taa iliyopasuka huilipii kwa kukodi, unainunua.

Saa: Agosti 8 jua linazama Tanga yapata saa 12 na dakika 25. Giza linaingia kabla ya saa 1. Lakini kati ya Magharibi na Isha msianze, wazee wote watakuwa msikitini na ndio wanaomjua Mzee tangu jukwaani. Anzeni saa 2 kamili, mmalize saa 3 na nusu. Mwezi utakuwa umetoka kwenye upevu siku tatu nyuma. Msiuogope, mwanga wake hauwezi kitu mbele ya lux 200. Taa ya duka la jirani ndiyo adui.

Kofia_ya_Jukwaani

Wakuu mmesema ya video vizuri, ila mnaanza hadithi katikati. Marehemu alizaliwa 1948, na amekuwa akipanda jukwaani tangu 1958, mtoto mdogo. Biashara ya kanda za vichekesho imekuja baada ya miongo mingi. Yaani sehemu ndefu ya usanii wake haimo kwenye kanda yoyote kati ya hizo 31. Imo vichwani mwa watu, na aliyemwona 1965 akiwa na miaka 15 leo amepita 75. Hao hawangoji 2028. Kama mnachagua pa kuanzia, anzeni kwao.

Rekodini sauti, si lazima video, wazee wanajikunja mbele ya kamera. WAV, 48 kHz, biti 24, maiki ya kubana kolani, feni izimwe, jogoo afukuzwe. Mazungumzo yasizidi saa moja kwa siku. Mwanzo wa rekodi taja tarehe, mahali na ridhaa yake kwa sauti yake mwenyewe.

Maswali ndiyo kazi. Ukiuliza "Mzee Majuto alikuwaje?" utajibiwa "alikuwa mcheshi, mtu wa watu", ukafunge daftari. Uliza kitu cha mkononi. Aliingilia upande gani wa jukwaa? Alishika nini, fimbo, birika, kikapu? Nani alikuwa mtu wa kupokea maneno, yule asiyecheka? Watu walicheka kabla hajasema au baada? Neno gani la Kitanga aliliweka ambalo watu wa Dar hawakulielewa? Kichekesho cha jukwaani hakikuandikwa, kilikuwa na mifupa tu: mzee mchoyo, mgeni anayekuja wakati wa kula, chakula kinachofichwa. Nyama iliongezwa usiku huohuo kulingana na nani amekaa mstari wa mbele. Mkipata mifupa ya vichekesho kumi mmeokoa kitu ambacho hakuna diski inacho.

Na kwenye kukata vipande vya usiku ule: msianze kipande kwenye sentensi ya kuchekesha. Anzeni mwenzake anapobisha hodi. Ule ukimya wa kumtazama mtu kabla ya kumjibu ndio unaobeba mzigo. Kijana wa kuhariri akiukata ili "kuchangamsha", kimebaki kelele. Vipande vya dakika 6 hadi 10, tisa au kumi, vinatosha dakika 90.

Sanamu mimi napinga. Tuache hata gharama. Familia na majirani wengi ni Waislamu, sanamu ya mtu barabarani italeta mjadala msioweza kuumaliza. Kisomo na dua asubuhi vitangulie, mbali na spika. Na sanamu zina maradhi yake: kule Morecambe, Uingereza, ile ya mchekeshaji Eric Morecambe iliyozinduliwa 1999, mwaka 2014 mtu alijaribu kuikata mguu kwa msumeno. Hiyo ni shaba. Za saruji na nondo kwenye chumvi ya Tanga, nondo inashika kutu, inavimba, inapasua zege kutoka ndani, vidole ndivyo vinavyoanguka kwanza.

Mkitaka alama, ombeni jina la barabara. Pelekeni hoja mkutano wa mtaa, ipande kata, ifike Baraza la Madiwani. Kibao kiwe cha chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316. Kile cha 304 wanachouza wengi, hewa ya bahari inakitoboa madoa ya kahawia.

Mwana_Chuda

Ahsanteni sana, shikamoo kwa wakubwa. Hoja ya sanamu nadhani imejibiwa, nitaifikisha. Swali dogo: katika kanda tulizonazo, ipi ianze? Na zile 9 ndogo zinanaswa kwa deki gani?

Fundi_Deki

Marahaba. Anza na hizo ndogo, kabla ya VHS. Filamu nyingi za miaka ile zilipigwa kwa kamera za DV, kwa hiyo huenda hizo 9 ndizo picha asili, zenye makosa na vicheko vya nyuma ya kamera ambavyo havikufika sokoni. Deki haihitajiki, unatumia kamera yenyewe ya miniDV yenye tundu la FireWire, na kompyuta yenye kadi ya FireWire. Usipitishe kwa nyaya za njano, nyekundu na nyeupe, utakuwa umegeuza dijitali kuwa analogi bure. Kwa FireWire unahamisha data ileile iliyo kwenye kanda, gigabaiti 13 kwa saa. Kanda hizi zina upana wa milimita 6 tu, hazivumilii kama VHS. Ukiona vijiraba vya rangi vinarukaruka, simamisha, safisha hedi kwa kanda kavu ya kusafishia sekunde 10, jaribu tena. Vikiendelea, badilisha kamera. Kanda iliyorekodiwa na kamera yenye hedi zilizopinda kidogo husomeka vizuri na kamera ileile au yenye kasoro ya kufanana nayo. Kwa hiyo aliyewapa kanda muulizeni kama kamera bado ipo kabatini, hata kama lenzi imekufa. Na kabla ya yote, telezesheni kile kijinembo cha mgongoni upande wa SAVE, mtu asije akarekodi juu yake.